"Kumbe ni Mfaransa": chimbuko la ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda

Swali la msomaji:

"Mimi ni Mkatoliki wa Bukoba, nafanya kazi Kampala. Mchumba wangu ni Mganda, Mwanglikana, kwao ni Mengo, penye ikulu ya Buganda. Aliponipeleka kwao, babu yake alinipokea vizuri mpaka aliposikia kwamba nasali Rubaga, kwenye kanisa kuu la Kikatoliki. Akasema, 'Kumbe ni Mfaransa.' Watu wakacheka, yeye hakucheka. Baadaye akaniambia ukoo wao ulipoteza watu mwaka 1892 na kwamba Wakatoliki walitaka kuiuza nchi. Nilipomsimulia baba mdogo nyumbani, naye akaja juu: eti Waprotestanti ndio walioiteka Buganda kwa bunduki za wazungu na kulichoma kanisa. Mimi nilichokuwa najua ni habari za Mashahidi wa Uganda tu. Waliokufa pamoja ilikuwaje wakapigana? Ni mafundisho yaliyowatenganisha, au wazungu waliwagombanisha? Na je, tuendelee na mipango ya ndoa, au tunachokoza moto?"

Dada yangu, babu na baba mdogo wote wawili wanazungumzia jambo lililotokea kweli, ila kila mmoja amerithi nusu yake. Naona maswali yako ni mawili yaliyofungwa pamoja: nini kilitokea, na je, kilichotokea kinakuhusu wewe leo? La kwanza litachukua nafasi kubwa. La pili lina jibu fupi, lakini halitakuingia vizuri kabla ya la kwanza.

Mashahidi uliowataja ni mahali pazuri pa kuanzia. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, na katika kundi hilo walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana. Katika mauaji ya miaka ile, Kanisa Katoliki linahesabu mashahidi 22 na Waanglikana 23. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwakumbuka pia wale wa Kianglikana. Kwa hiyo ni kweli walikufa pamoja. Lakini hata siku zile walikuwa wakisoma dini katika nyumba mbili tofauti, kwa walimu wawili wasiopatana. Mateso yaliwasogeza karibu kwa muda, ila hayakuziunganisha nyumba zile.

Nyumba hizo mbili ziliingia Buganda zikifuatana kwa karibu sana. Kabaka Mutesa I aliomba walimu wa Kikristo kupitia kwa Henry Stanley mwaka 1875. Wamisionari wa Church Missionary Society, Waanglikana kutoka Uingereza, wakafika mwaka 1877, na Alexander Mackay, Mskoti mwenye ufundi wa mikono, akafika mwishoni mwa 1878. Miezi michache tu baadaye, Februari 1879, wakaingia Mapadri Weupe, shirika la Kikatoliki la Kifaransa, akiwamo Padri Siméon Lourdel. Mackay mwenyewe ameandika jinsi siku moja alivyokuwa akiongoza ibada ikulu, naye Lourdel akakataa kupiga magoti. Mutesa akauliza sababu. Padri akajibu kwamba hawezi kushiriki dini isiyo ya kweli, Mackay akajibu mapigo juu ya Papa na Bikira Maria, na mabishano yakapamba moto mbele ya baraza zima. Mfalme alibaki akishangaa: wazungu wanasema Mungu ni mmoja na kitabu ni kimoja, mbona kila taifa lao lina dini yake?

Hapo ndipo penye jibu la swali lako juu ya mafundisho. Tofauti zilikuwapo, na watu wale walizishika kwa moyo. Mackay aliamini kweli kwamba Roma imepotoka, na Lourdel aliamini kweli kwamba nje ya Kanisa lake hakuna usalama. Ugomvi huo waliubeba kutoka Ulaya, ambako ulikuwa na zaidi ya miaka 300. Ila mabishano ya ibada peke yake hayajazi makaburi. Ili yafike kwenye bunduki palihitajika kitu kingine, na kitu hicho kilikuwapo Buganda kabla ya mzungu wa kwanza kukanyaga pale.

Buganda ilikuwa dola ya vyeo. Kabaka ndiye aliyempa mtu uchifu, na uchifu ulikuja na ardhi, na ardhi ilikuja na watu wa kuilima na kumfuata chifu vitani. Ukipewa cheo, ndugu zako na wafuasi wako wote wanapata mahali pa kukaa. Ukivuliwa, wote wanafungasha. Vijana waliokuwa wakisomea dini ikulu hawakuwa watu wa pembeni. Walikuwa watumishi wa mfalme, yaani machifu wa kesho. Kwa hiyo kila darasa la dini lilikuwa pia kundi la vijana wanaopandishana vyeo. Waganda wakayapa makundi hayo majina ya walimu wao: Bafransa na Bangereza. Hilo ndilo neno la babu. Hakuwa anakuita mgeni wa Ulaya; alikuwa anataja chama.

Naomba utulie hapa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Husemwa kwamba wazungu waliwagombanisha Waganda. Kisa cha mwaka 1888 mpaka 1890 kinaonyesha mambo tofauti. Septemba 1888, Mwanga alipotaka kuwaangamiza wasomaji, yaani waliojifunza dini mpya, wa dini zote kwa pamoja, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti waliungana wakampindua. Mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo, na baadaye wakamweka Kalema kwenye kiti. Wakristo wakakimbilia Ankole, huko Kabula. Wamisionari hawakuwa nao. Walikuwa wamevuka ziwa kwenda kusini, Mapadri Weupe wakiwa Bukumbi, karibu na Mwanza, na Mackay akiwa Usambiro. Na huko uhamishoni, bila mzungu wa kuwaongoza, Wakatoliki na Waprotestanti walikaa kama majeshi mawili yenye wakuu wawili. Wakatoliki walimfuata Honorat Nyonyintono, ambaye aliuawa vitani kabla ya ushindi. Waprotestanti walimfuata Apolo Kagwa.

Waliporudi kwa nguvu za pamoja na kumrudisha Mwanga, kwanza Oktoba 1889, kisha kwa kudumu Februari 1890, waligawana nchi. Walipanga vyeo kwa zamu: hiki cha Mprotestanti, kinachofuata cha Mkatoliki, kuanzia juu mpaka chini. Kagwa akawa Katikkiro, waziri mkuu. Wakakubaliana pia kwamba chifu akibadili dini anakiacha cheo chake na ardhi yake. Kwa maoni yangu sharti hilo ndilo lililofanya zaidi kuliko hotuba yoyote ya mmisionari kuigeuza dini kuwa hati ya kumiliki ardhi. Tangu siku hiyo, kumbatiza chifu kulikuwa sawa na kuhamisha mpaka.

Fikiria basi hali ilivyokuwa kwa kila upande. Mwanga, alipopinduliwa, alipata hifadhi kwa Mapadri pale Bukumbi, na aliporudi akaegemea upande wao. Watu wengi walifuata aliko mfalme, kama ilivyokuwa desturi, na Wakatoliki wakawa wengi zaidi mjini Mengo. Walianza kudai kwamba mtu abadili dini kwa hiari bila kupoteza mali. Waprotestanti waliona wazi kwamba sharti likiondolewa, baada ya muda hawatakuwa na chifu hata mmoja, wakalishikilia. Nikisoma hoja za pande zote mbili siwezi kumwita yeyote mpumbavu wala mbaya. Wakatoliki walitetea uhuru wa dhamiri, ambao uliwanufaisha. Waprotestanti walitetea ahadi waliyopeana, ambayo iliwalinda.

Sasa ndipo wazungu wenye bunduki wanapoingia. Tarehe 18 Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard alifika na askari wa kampuni ya Imperial British East Africa, akapiga kambi kilima cha Kampala, pale unapoona leo msikiti mkubwa wa Old Kampala. Kabla ya siku kumi kupita, Mwanga alikuwa ametia saini mkataba wa kukubali ulinzi wa kampuni. Waprotestanti walimwona Lugard kama ndugu wa dini aliyekuja kuwakomboa wachache. Wakatoliki walimwona kama askari wa chama cha wapinzani. Mapema mwaka huohuo Mwanga, kwa kuungwa mkono na Wakatoliki, alikuwa ametia saini mkataba na Mjerumani Carl Peters. Karatasi hiyo ilikufa Julai 1890 Ulaya, Uingereza na Ujerumani zilipogawana maeneo. Hapo ndipo lilipotoka shtaka la babu kwamba Wakatoliki walitaka kuiuza nchi, na shtaka la baba mdogo kwamba Waprotestanti waliiteka kwa bunduki za wazungu. Kila upande ulitafuta rafiki mwenye silaha. Mmoja alimpata, mwingine akamkosa.

Cheche yenyewe ilikuwa ndogo. Januari 1892, Mkatoliki mmoja alimuua Mprotestanti hapo Mengo katika ugomvi ulioanzia kwenye bunduki. Mwanga aliisikiliza kesi akamwachia mshtakiwa, akiona kwamba aliyeuawa ndiye aliyekuwa amemwendea mwenzake kwa shari. Lugard akadai muuaji auawe. Mfalme akakataa: hukumu imetoka, na mwenye kuhukumu Buganda ni Kabaka. Lugard akawagawia Waprotestanti mamia ya bunduki kutoka ghala la ngome. Jumapili, tarehe 24 Januari 1892, wakapigana kwenye miteremko kati ya vilima. Wakatoliki walikuwa wakishinda mahali fulani mpaka bombomu la Maxim lilipofunguliwa kutoka kilima cha Kampala. Rubaga ikaungua, kanisa na nyumba za mapadri. Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na siku chache baadaye askari wa kampuni wakakishambulia. Wengi walikufa maji wakigombania mitumbwi, wakiwamo wanawake na watoto.

Kwa hiyo baba mdogo hasemi uongo: kanisa lilichomwa, na bunduki ya mzungu ndiyo iliyoamua. Uingereza baadaye ililipa fidia ya pauni 10,000 kwa hasara za misioni. Na babu hasemi uongo: Waprotestanti nao walizika watu wao, akiwamo Sembera Mackay, mmoja wa viongozi wao wa dini wapendwa, aliyeuawa siku hiyohiyo. Ukimsikia mzee akitaja mwaka 1892 kama jana, ujue ni kaburi la mtu wa kwao analolizungumzia.

Kuna jambo ambalo pengine hukuambiwa nyumbani. Mwanga na Wakatoliki walioshindwa walikwenda kusini, wakafika mpaka upande wa Bukoba, eneo la Wajerumani. Pamoja nao alikuwapo Askofu Hirth wa Mapadri Weupe, na mwaka huohuo wa 1892 ikaanzishwa misioni ya Kashozi. Ukatoliki wa Bukoba uliokulea, dada yangu, ulipata mlango wake wa kwanza kutokana na vita hivi. Wewe si mtu baki katika habari anayoisimulia babu. Hata neno "Mfaransa" lina njia ya kukufikia.

Mwanga alirudi Mengo Machi 1892, na hapo kikafanyika kitu ambacho kimeudumisha ugomvi kuliko vita vyenyewe: nchi iligawanywa kwa dini. Wakatoliki wakapewa Buddu, upande wa Masaka. Waprotestanti waliokuwa Buddu wakahama, Wakatoliki waliokuwa sehemu nyingine wakahama. Fikiria familia zinapishana njiani na mbuzi, mikeka na watoto mgongoni, kila moja ikienda kukaa kwenye migomba iliyopandwa na nyingine. Mwaka 1893 Sir Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, aliwaongezea Wakatoliki maeneo na cheo cha Katikkiro wa pili, nacho akakipata Stanislaus Mugwanya. Mwaka 1894 Uingereza ikatangaza ulinzi wake rasmi, na mwaka 1895 wakaletwa mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza, kusudi watu waone kwamba Mkatoliki si lazima awe Mfaransa. Mwanga mwenyewe, aliyeegemea Wakatoliki, alikufa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 akiwa amebatizwa Kianglikana kwa jina la Danieri. Nalitaja hili kwa sababu watu hupenda kumfanya mfalme huyu mali ya upande mmoja.

Kisha ukaja Mkataba wa 1900. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto mdogo, na nchi ikaongozwa na wasimamizi watatu: Kagwa na Zakaria Kizito Kisingiri, Waprotestanti, na Mugwanya, Mkatoliki. Mkataba uliwapa machifu na watu wengine binafsi maili za mraba 8,000 za ardhi, ile mailo mnayoisikia Kampala mpaka leo. Waliogawana walikuwa washindi wa 1892 na washirika wao wadogo. Mgawanyo wa muda wa vyeo ukageuka urithi wa watoto na wajukuu. Shule zikafuata mstari huohuo: Budo kwa Waanglikana, Namilyango na Kisubi kwa Wakatoliki. Hata siasa. Chama cha Democratic Party kilizaliwa mwaka 1954, Wakatoliki wengi wakiona kwamba milango ya juu Mengo imefungwa kwao. Mwaka 1955 Matayo Mugwanya, mjukuu wa yule Stanislaus, aligombea ukatikkiro akashindwa kwa kura chache. Nadhani huwezi kuelewa siasa za Uganda za miaka ya 1960 bila kurudi kwenye Jumapili ile ya Januari.

Je, ugomvi huu unaendelea mpaka sasa? Kama vita, hapana. Kama kumbukumbu na mazoea ya vyeo, kwa kiasi, na umepungua sana. Katikkiro wa Buganda wa sasa, Charles Peter Mayiga, ni Mkatoliki, na hapana aliyeshika bunduki kwa ajili hiyo. Baraza la pamoja la makanisa ya Kikristo Uganda lipo tangu mwaka 1963. Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwanglikana, alipouawa mwaka 1977 wakati wa Amin, Wakatoliki walimlilia. Na Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, Jaji Mkuu, alikuwa ameuawa na utawala uleule mwaka 1972. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Tanzania, na pale kuna madhabahu ya Wakatoliki na ya Waanglikana, jirani kwa jirani. Papa Paulo VI alipofika Uganda mwaka 1969 alikwenda kusali kote kuwili.

Sasa babu. Usimjibu kwa hoja za baba mdogo, na usijaribu kumshinda kwa haya niliyokuandikia mbele ya watu. Nenda siku ambayo hakuna sherehe, na umwombe akusimulie waliokufa walikuwa akina nani, walikaa wapi, walipoteza nini. Wazee wa Mengo wameulizwa mara nyingi nani alikuwa na haki. Ni nadra kuulizwa majina. Ukitaka, mweleze habari za Kashozi. Huenda akakuonyesha uso mwingine, huenda asikuonyeshe. Sitakudanganya kwamba kila mzee hulainika. Lakini anayeoa ni mjukuu wake, na mjukuu huyo ndiye mwenye kazi ya kwanza ya kusema na babu yake. Asikuachie wewe mgeni mzigo huo. Baba mdogo naye umsomee sehemu ya Sembera Mackay.

Kuhusu ndoa yenyewe, yapo mambo ambayo hayamalizwi kwa kusoma. Ndoa ya Mkatoliki na Mwanglikana aliyebatizwa inaruhusiwa, kwa ruhusa ya askofu inayoombwa kupitia parokia. Wewe utaahidi kufanya unaloweza ili watoto wabatizwe Kikatoliki, naye mchumba ataarifiwa ahadi hiyo. Zamani Kanisa lilimtaka hata asiye Mkatoliki atie ahadi. Paulo VI alilegeza sheria hiyo mwaka 1970, na pengine hofu ya familia yake inatokana na kumbukumbu za sheria ile ya kale. Mkitaka kufunga ndoa Namirembe, kwenye kanisa kuu la Waanglikana, kwa kasisi wao, inahitajika ruhusa nyingine ya pekee, la sivyo Kanisa lako halitaihesabu kuwa halali. Suala la watoto ndilo zito, na mimi nisingependa mlipitie juujuu kwa sababu mnapendana. Kaeni wawili tu kwanza, mkubaliane, kisha mwende pamoja kwa paroko wako na kwa kasisi wake. Katika ukoo wa Mengo huenda pia kuna ardhi ya mailo yenye masharti ya urithi yaliyosemwa kwa mdomo; ikitajwa, muone wakili kabla ya kusaini chochote. Na kama kutatokea vitisho, si maneno ya wazee bali vitisho, wahusisheni wazee wa koo zote mbili mapema, na polisi ikibidi.

Paroko ataomba vyeti vyenu vya ubatizo, na chako kitatoka Bukoba, hivyo anza kukifuatilia sasa. Nendeni kabla ya kupanga tarehe na kabla ya kadi kuchapwa, kwa sababu ruhusa ya askofu huchukua muda, na hakuna jambo linalowapa wapinzani wa ndoa nguvu kama arusi iliyoahirishwa.